Toba, Ushirika na Haki: Uamsho wa Afrika Mashariki kama Kielelezo cha Msingi wa Kikristo wa Maadili

Utangulizi

Suala la msingi wa maadili limewashughulisha wanafalsafa, wanatheolojia na watunzi wa fasihi kwa karne nyingi. Katika jamii za Afrika Mashariki, suala hili lina uzito wa pekee kwa kuwa dini haikai pembezoni mwa maisha ya watu. Sensa ya mwaka 2019 nchini Kenya ilionyesha kwamba takriban watu 85 kati ya kila 100 walijitambulisha kuwa Wakristo. Mikutano ya hadhara hufunguliwa kwa sala, viongozi wengi huapishwa wakiwa wameshika Biblia, na wanasiasa ni wageni wa mara kwa mara katika ibada za Jumapili. Hata hivyo, ni katika nchi iyo hiyo ambapo ripoti za ubadhirifu wa mali ya umma hazikomi kutolewa mwaka nenda mwaka rudi. Pengo lililopo baina ya wingi wa waumini na uhaba wa uadilifu ndilo linalozua swali ambalo halikwepeki: je, imani ya Kikristo ni msingi wa maadili kwa hakika, au ni pambo linalotundikwa juu ya jengo lisilo na msingi?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuangazia tukio moja la kihistoria, yaani Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulianza nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea Kenya na Tanganyika, na ukaacha alama ambazo bado zinaonekana. Umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ulidai waziwazi kwamba imani isiyobadilisha mwenendo ni imani mfu. Pili, historia yake inabeba ushindi na aibu kwa pamoja, hivyo basi inamwezesha mchunguzi kupambanua ni wakati gani imani huzaa maadili na ni wakati gani hushindwa kufanya hivyo. Hoja kuu ya makala ni kwamba imani ya Kikristo huwa msingi wa maadili ya mtu binafsi pale inapoambatana na toba inayogharimu, na huwa msingi wa maadili ya umma pale toba hiyo inapovuka mipaka ya nafsi na ya kabila.

Lugha ya Maadili ya Kikristo katika Kiswahili

Kabla ya kuizamia historia yenyewe, ni muhimu kuzingatia msamiati unaotumika, kwani maneno hubeba fikra. Wamishonari wa Kikristo walipoanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, kuanzia kazi ya Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, hawakukuta lugha isiyokuwa na istilahi za kidini. Walikuta lugha ambayo tayari ilikuwa imelelewa na karne nyingi za Uislamu. Maneno kama vile imani, dhambi, toba, rehema, sala, haki na dhamiri, ambayo yote yana asili ya Kiarabu, yaliingizwa katika mahubiri ya Kikristo. Kwa hiyo, Mkristo wa Kiswahili anapozungumza kuhusu maadili hutumia, kwa kiasi kikubwa, msamiati anaochangia na jirani yake Mwislamu. Jambo hili lina umuhimu wake katika mjadala wa maadili ya umma, na litarejelewa baadaye.

Maneno matatu yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni haki. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, neno hili hutumiwa kuelezea unyofu wa mtu mbele ya Mungu na pia hukumu iliyo sawa baina ya watu. Kiingereza hutenganisha dhana hizi mbili kwa maneno tofauti. Kiswahili hakizitenganishi. Mtu mwenye haki ni mtu mwema, na mahakama yenye haki ni mahakama inayoamua bila upendeleo.

La pili ni uadilifu. Asili yake ni neno la Kiarabu linalohusu usawa na haki ya kuhukumu, lakini katika matumizi ya Kiswahili limekuja kumaanisha pia tabia njema ya mtu binafsi. Mwadilifu ni yule anayeaminika anapokuwa peke yake na anapokuwa mbele ya watu. Haishangazi, basi, kwamba Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo inahusu uongozi, imelitwaa neno hili katika kichwa chake.

La tatu ni toba, neno ambalo kiini chake ni kurudi. Anayetubu hurudi alikotoka, yaani hugeuka kutoka katika njia aliyokuwa akiifuata. Ni wazi kuwa mtu hawezi kurudi kwa maneno matupu. Sharti miguu yake isogee. Uamsho wa Afrika Mashariki ulilichukua neno hili kwa maana hiyo hasa.

Chimbuko la Uamsho

Gahini ni mahali palipo kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Hapo ndipo wamishonari wa Kianglikana walipojenga hospitali katika miaka ya 1920. Daktari Joe Church, Mwingereza, alifika Gahini mwaka 1928, wakati njaa kali ilipokuwa ikiikumba Rwanda. Mnamo Septemba 1929, akiwa amechoka kimwili na kiroho, alisafiri hadi Kampala. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akiutafuta uzima wa kiroho kwa bidii kama yeye. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja. Mkutano wao huchukuliwa na wanahistoria wengi kuwa chanzo cha Uamsho.

Ikumbukwe kwamba huu ulikuwa wakati wa ukoloni, ambapo mzungu na Mwafrika hawakuketi meza moja kwa urahisi. Kukiri kwa daktari mzungu kuwa anahitaji msaada wa kiroho kutoka kwa Mwafrika kulikuwa tayari ni tendo la kimaadili. Usawa wa binadamu, ambao ni nguzo ya maadili ya umma, ulitangulia kuonekana katika chumba cha maombi kabla ya kuandikwa katika sheria yoyote ya nchi hizi.

Pale Gahini, Yosiya Kinuka alikuwa kiongozi wa wahudumu wa hospitali. Hali ya kazi ilikuwa mbaya; palikuwa na manung'uniko na kutoaminiana. Kinuka alimwendea Nsibambi nchini Uganda akiwa na orodha ya malalamiko kuhusu hospitali. Nsibambi alimwelekeza aitazame kwanza dhambi iliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka aliporejea Gahini alikuwa mtu mwingine, akayaungama makosa yake mbele ya wenzake. Pamoja naye alihudumu Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, ambaye aliongoza shule pale Gahini na kuhubiri kwa ari hadi alipofariki mnamo Januari 1936 akiwa bado kijana. Kifo chake hakikuuzima moto huo. Kabla ya muongo kwisha, vikundi vya wahubiri vilikuwa vimepita Uganda na kuingia Kenya, ambako mkutano ulifanyika Kabete mwaka 1937, na vilevile Tanganyika.

Wafuasi wa Uamsho waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka, jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili halipati tabu kulihusisha na kitenzi okoka cha lugha yake. Miongoni mwa Wagikuyu waliitwa ahonoki. Katika Kiswahili walijulikana kwa jina sahili kabisa: ndugu. Wimbo wao maarufu wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, uliimbwa na watu wa makabila ambayo hayakuelewana kwa lugha, na katika mikutano iliyowakusanya watu wa sehemu mbalimbali, Kiswahili kilitumika kama daraja.

Toba Inayogharimu: Ujenzi wa Maadili ya Mtu Binafsi

Uamsho ulijengwa juu ya mambo matatu ambayo yanastahili kufafanuliwa moja baada ya jingine, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha jinsi imani inavyogeuka kuwa mwenendo.

Jambo la kwanza ni kutembea nuruni. Msemo huu unatokana na Waraka wa Kwanza wa Yohana, na ndugu waliuelewa kwa maana ya kutoficha. Dhambi iliyofichwa, kwa mtazamo wao, ilikuwa na nguvu kuliko dhambi iliyotajwa. Kwa hiyo, katika mikutano ya ushirika ambayo aghalabu ilifanyika kila juma, mtu alisimama na kueleza alipokosea: hasira aliyomwonyesha mkewe, uongo aliosema kazini, chuki aliyokuwa nayo dhidi ya jirani. Unafiki ulinyimwa giza linaoulisha.

Jambo la pili ni kurejesha. Aliyeungama wizi alitarajiwa kukirudisha alichokiiba. Wahudumu wa hospitali walirudisha blanketi na dawa. Makarani walirudisha fedha. Watu walirudisha mifugo kwa majirani walioibiwa miaka mingi iliyokuwa imepita. Mfano uliowaongoza ni ule wa Zakayo katika Injili ya Luka, mtoza ushuru ambaye baada ya kukutana na Yesu aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwalipa mara nne wale aliowadhulumu. Jina la Zakayo lilisikika sana katika barabara za miji ya Kenya wakati wa maandamano ya vijana ya mwaka 2024, likiwa fumbo la serikali inayotoza kodi nyingi. Waandamanaji walimwita ashuke mtini. Yafaa kukumbukwa kwamba katika simulizi lenyewe Zakayo alishuka, na kushuka kwake kuliishia katika kurejesha mali ya watu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo ndugu wa Uamsho waliisisitiza.

Jambo la tatu ni kuwajibika mbele ya wenzako. Hakuna ndugu aliyeachwa peke yake na dhamiri yake. Aliyepotoka alionywa, na aliyeonya alikuwa naye chini ya macho ya wengine. Msomi, mkulima, kasisi na mpishi waliketi duara moja, na mpishi aliweza kumkosoa kasisi. Mfumo huu ulikuwa na kasoro zake. Wakati mwingine uangalizi uligeuka kuwa ukali, na mavazi au desturi ndogondogo zikapewa uzito kuliko rehema. Hata hivyo, ulitambua ukweli mmoja ambao wataalamu wa maadili hawaupingi: tabia njema haijengwi na mafunzo peke yake, bali hujengwa na mazoea yanayotunzwa na jamii.

Kutokana na mambo haya matatu, inabainika kuwa imani iliyokuwa msingi wa maadili ya ndugu haikuwa kukubali tu kwamba Mungu yupo. Ilikuwa ni uhusiano uliomlazimu mtu kuukabili ukweli kujihusu, kulipa gharama yake, na kuishi akionekana.

Kati ya Kiapo na Bunduki

Maadili ya mtu binafsi hupimwa pale jamii inapomtaka mtu atende kinyume chake. Kwa ndugu wa Kenya ya kati, mtihani huo ulifika baada ya hali ya hatari kutangazwa mnamo tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau waliwataka watu wale kiapo. Serikali ya kikoloni nayo iliwataka washike silaha katika kikosi cha walinzi wa nyumbani. Ahonoki wengi walikataa yote mawili. Walikataa kiapo kwa kuwa waliona hawawezi kuchanganya damu ya Kristo na kiapo kingine. Wengi wao walikataa bunduki kwa kuwa waliona hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Baadhi yao waliuawa kwa sababu ya msimamo huo, na wengine walitiliwa shaka na pande zote mbili.

Haitakuwa haki kulisimulia jambo hili bila kuisikiliza hoja ya upande wa pili. Wapiganaji waliingia msituni kwa ajili ya ardhi waliyoporwa na uhuru walionyimwa. Machoni mwao, Mkristo aliyeungama kuiba kuku wa jirani huku akinyamazia wizi wa mashamba ya jamii nzima alikuwa ameikosa shabaha. Lawama hii ina uzito. Kwa muda mrefu Uamsho ulikuwa na msamiati tajiri wa dhambi za moyo na msamiati finyu wa dhambi za mifumo. Ulijua kulitaja kosa la karani aliyeiba senti, ila haukujua vyema namna ya kulitaja kosa la dola iliyoiba nchi. Fasihi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliikazia macho kasoro hii. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1982, wezi wakuu hushindania ustadi wa kuiba bila haya, na lugha ya dini haiwazuii.

Hata hivyo, ule ujasiri wa kukataa haukupotea bure. Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya tarehe 5 Julai, viapo vya kikabila vililishwa tena, safari hii vikiwa na lengo la kuulinda utawala mikononi mwa jamii moja. Wakristo waliokataa walipigwa na baadhi yao wakapoteza maisha. Makanisa yalipaza sauti. Magazeti ya Kikristo ya Target na Lengo, la pili likiwa la Kiswahili, yalikuwa yamejipatia sifa ya kusema yaliyoogopwa kusemwa na wengi, hasa chini ya uhariri wa Henry Okullu. Kukataa kiapo mwaka 1969 kulikuwa tendo la imani na wakati huo huo tendo la uraia, kwa sababu lililokataliwa lilikuwa ni wazo kwamba taifa ni mali ya kabila.

Kutoka Duara la Ushirika hadi Mimbari ya Taifa

Kizazi kilichofuata kiliipeleka mbele hatua hiyo. Janani Luwum, mwalimu kijana kutoka kaskazini mwa Uganda, aliokoka mwaka 1948 kupitia Uamsho. Mwaka 1974 alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Watu walipozidi kutoweka na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Luwum alienda mwenyewe katika ofisi za usalama kuwauliza waliowashika walikowapeleka. Mnamo Februari 1977, baada ya askari kuipekua nyumba yake wakidai kutafuta silaha, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 mwezi huo alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa nchini Uganda.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mwana mwingine wa Uamsho, alikimbilia Rwanda kwa miguu kupitia milimani mwaka huo huo. Akiwa uhamishoni aliandika kitabu chenye kichwa kinachoshtua, kinachosema kwamba anampenda Idi Amin. Kichwa hicho hakikumaanisha kuukubali uovu wa Amin. Kivengere alikuwa amegundua chuki ikimea moyoni mwake, akaitendea kama alivyofunzwa katika ushirika: aliiungama. Hapa maadili ya nafsi na ya umma yanashikana mikono. Aliendelea kuupinga udhalimu hadharani, ila alikataa kufanana na dhalimu.

Nchini Kenya, mtihani ulikuja kwa sura ya kura. Mwaka 1986 chama tawala cha KANU kiliamua kwamba uteuzi wa wagombea ufanywe kwa wapiga kura kupanga foleni nyuma ya wagombea wao, utaratibu uliojulikana kama mlolongo. Katika mwaka uo huo, bunge liliondoa ulinzi wa kikatiba wa kazi ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa walipinga mlolongo. Askofu David Gitari alitumia mahubiri yake ya mwaka 1987 kuwaeleza waumini hatari ya kuichezea katiba. Aliwarejesha katika Kitabu cha Danieli, palipo na sheria iliyopitishwa kwa hila ili kumnasa mtu mmoja mwadilifu. Uchaguzi wa mwaka 1988 ulipofanyika, watu waliona foleni ndefu zikitangazwa kushindwa na foleni fupi. Mnamo Aprili 1989 nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku, akaponea chupuchupu.

Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyewahi kuwa polisi kabla ya kuwa kasisi, hakuponea. Mnamo Agosti 1990 waziri mmoja alimtishia hadharani kwamba akifika Busia hatatoka hai. Muge alienda Busia, akahubiri, na tarehe 14 Agosti alifariki katika ajali ya barabarani akirejea nyumbani. Waziri huyo alijiuzulu. Tarehe mosi Januari mwaka uo huo, Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alikuwa amehubiri akiutabiria mfumo wa chama kimoja mwisho wake. Kifungu kilichohalalisha mfumo huo kilifutwa mnamo Desemba 1991.

Si wote katika viongozi hawa waliokuwa wana wa Uamsho kwa kiwango kimoja, na baadhi ya ndugu waliwalaumu kwa kujiingiza katika siasa. Ila walihudumu katika makanisa ambayo Uamsho ulikuwa umeyafunza kwamba dhambi hutajwa kwa jina lake. Walichofanya ni kulipanua duara: badala ya kumwita karani peke yake atoke gizani, waliiita serikali pia.

Msingi Ulipotikisika

Simulizi ya Uamsho ingekoma hapo, lingekuwa jambo rahisi kuhitimisha kwamba imani ni msingi thabiti wa maadili. Lakini mwaka 1994, nchi ile ile iliyouzaa Uamsho iligeuka machinjio. Katika muda wa takriban siku 100, kuanzia Aprili hadi Julai, mamia ya maelfu ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki, waliuawa. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Kanisa la Nyamata, ambamo maelfu walipoteza maisha, leo ni kumbukumbu, na mwaka 2023 lilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Waliouawa na waliowaua walikuwa, kwa sehemu kubwa, waumini waliobatizwa. Walikuwapo Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao, ila hawakutosha kuizuia mito ya damu. Mnamo Machi 2017 Papa Francis, akikutana na Rais Paul Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na za waumini wake katika mauaji hayo.

Kenya nayo ilionjeshwa uchungu wa namna hiyo, japo kwa kiwango kidogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Tarehe mosi Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliojihifadhi ndani, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi Februari mwaka huo, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri kwamba viongozi wa kanisa walishindwa kuukabili uovu huo kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea mirengo ya kikabila.

Kukiri huko ndiko kunakotoa ufunguo wa kuelewa kilichoharibika. Imani haikukosekana, makanisa yalijaa. Kilichokosekana ni toba iliyogusa kabila. Katika ushirika, mtu aliweza kuungama kwamba alimchukia ndugu fulani, ila ilikuwa nadra kuungama kwamba amefaidika kwa kuwa wa jamii fulani, au kwamba amecheka mzaha unaowafananisha wengine na wadudu. Dhambi iliyo ya wote haionekani na yeyote. Isitoshe, viongozi wa makanisa walipokaa karibu sana na watawala, walipoteza umbali unaohitajika ili kuona.

Upande mwingine wa udhaifu ulidhihirika mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa. Waumini walikuwa wameongozwa kufunga hadi kufa. Hapa palikuwa na utiifu mkubwa, na hapakuwa na duara. Mhubiri hakuwa na wa kumkosoa. Mpishi asipoweza kumkosoa kasisi, imani hugeuka kuwa mtego.

Masharti ya Msingi Imara

Kutokana na historia hii, masharti manne yanaweza kubainishwa. Kwanza, imani hujenga maadili inapogharimu. Toba isiyorejesha kilichoibwa hulisha dhamiri usingizi. Mchango unaotolewa kanisani kutokana na mali ya wizi huwa ni njia ya kuikwepa toba. Kwa sababu hii, hatua ya Kanisa la Kianglikana la Kenya mwaka 2021 ya kuwazuia wanasiasa kuzungumza mimbarini, na ile ya Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi mnamo Novemba 2024 ya kuukataa mchango wa Rais, ni hatua zenye maana ya kimaadili. Zinarejesha ule umbali uliopotea.

Pili, imani huhitaji duara la kuwajibishana ambamo mkubwa na mdogo huonyana. Tatu, toba sharti ivuke nafsi na kuzifikia dhambi za jamii: ukabila, unyakuzi wa ardhi, na hongo ambayo imepewa majina matamu kama chai na kitu kidogo ili isisikike kuwa dhambi. Mwanafunzi wa lugha ana kazi hapa, kwani tafsida ni nguo ambayo uovu huivaa ili upite bila kutambuliwa.

Nne, maadili ya umma ni ya wote, wakiwamo Waislamu, wafuasi wa dini za jadi na wasio na dini. Mkristo hawezi kuifanya imani yake kuwa sheria ya kumlazimisha jirani. Anachoweza kufanya ni kuleta katika baraza la pamoja tunda la imani hiyo, akalieleza kwa maneno yanayoeleweka na wote. Kiswahili kimemrahisishia kazi hiyo. Haki, uadilifu, dhuluma na toba ni maneno ambayo Mkristo wa Nyeri na Mwislamu wa Lamu wanayasikia kwa uzito unaokaribiana. Mpango wa Ufungamano, ulioanzishwa mwaka 1999 na viongozi wa dini mbalimbali ili kuendeleza mageuzi ya katiba, ulithibitisha kwamba ushirikiano wa namna hiyo unawezekana.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua jinsi Uamsho wa Afrika Mashariki ulivyoifanya imani ya Kikristo kuwa msingi wa mwenendo wa mtu kupitia kuungama, kurejesha na kuwajibika. Yameonyesha jinsi mwenendo huo ulivyozaa ujasiri wa umma katika maisha ya akina Luwum, Kivengere, Gitari na Muge. Vilevile, hayakuficha kwamba msingi uo huo ulitikisika Rwanda mwaka 1994 na Kenya mwaka 2008, pale toba ilipoishia kwenye mlango wa kabila.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni, basi, si la ndiyo wala la hapana moja kwa moja. Msingi wa nyumba hauonekani, lakini mvua ikinyesha hujulikana kama upo. Idadi ya waumini katika sensa haiwezi kuthibitisha kuwapo kwake. Wala sala za kufungulia mikutano. Unathibitishwa na karani anayerudisha faili na fedha bila kuulizwa, na mpiga kura anayekataa kumchukia jirani, na askofu anayeenda Busia ilhali ametishiwa. Lugha yetu imeliweka jambo hili wazi kwa kulitumia neno moja, haki, kwa moyo wa mtu na kwa uamuzi wa mahakama. Kazi iliyobaki ni ya wanaolitamka.